Kaburi Lenye Jina Langu

Msomaji mmoja wa Litein amemwandikia mhariri kwamba mimi ni mwongo, na kwamba mwanamke wa miaka arobaini hawezi kukaa darasa moja na wasichana wanaoweza kuwa binti zake. Bwana, nilikaa. Nilikaa dawati la mbele kwa sababu macho yameanza kunisaliti. Wasichana hao waliniita Mama Darasa, na mtihani wa mifupa niliwashinda wote isipokuwa mmoja.

Kuhusu huo uongo, msomaji wangu umekisia vizuri kuliko unavyojua. Wiki hii nauanika wote.

Kwa aliyenikuta njiani, nilichuma chai miaka kumi na minane katika shamba la kampuni huko Kericho. Mashine za kuchuma zikaja, tukafutwa, tukatoka kwenye nyumba za laini, zile za safu za wafanyakazi, na masufuria kichwani. Mimi, mama yangu Jerusa na binti yangu Chelimo tukapanga vyumba viwili Boito. Nililia siku tatu. Ya nne nikafungua sanduku, nikatoa cheti cha kidato cha nne, nikaomba nafasi katika chuo cha uuguzi. Wakanichukua. Nilikuwa nimebakiza mihula miwili tu nimalize, siku ile nilipoitwa na mkuu wa chuo. Wiki jana mliniacha mlangoni pake, mkono ukiwa kwenye kitasa.

Basi, nikaingia.

Madam Chepkosgei si mtu mbaya. Nasema mapema ili msije mkamchukia bure. Alinimiminia chai kutoka thermosi yake kwanza, ndipo akafungua faili.

"Monicah, unajua vyeti vya mwaka wa mwisho hukaguliwa upya."

"Najua, Madam."

"Kitambulisho chako kinasema Monicah Atieno Ogola. Cheti chako cha shule kinasema Quinter Adhiambo Ogola. Ulipokuja ulituletea kiapo cha wakili, ukasema hao wote ni wewe, ati ulibadilisha jina."

"Ndiyo, Madam."

Alisukuma karatasi nyingine mezani. Ilikuwa nakala ya cheti cha kifo.

"Quinter Adhiambo Ogola alikufa mwaka wa elfu mbili na nne. Alikuwa nani wako?"

Nilisoma jina. Nikasoma tarehe. Chai ikaniunguza ulimi nisisikie.

"Dada," nikasema.

"Basi umekuja chuo na cheti cha marehemu dada yako. Hii ni kesi ya polisi, mama." Akafunika thermosi yake. "Lakini nimekuona wodini. Nimeona vile unageuza mgonjwa asiumie. Kwa hivyo nakupa mpaka Ijumaa. Kama kuna kitu sijui, niletee mtu wa damu yako aje anieleze."

Kitu asichokijua kilikuwa kimoja tu. Sikuwa nimeiba cheti cha Quinter. Quinter ni mimi.

Aliyekufa ni Monicah.

Haya, mnaweza kuweka gazeti chini mkapumua. Mimi nimebeba jambo hili miaka ishirini na moja, nyinyi mtalibeba asubuhi moja.

Baba yetu Joab alipokufa, namba yake ya kazi na nyumba yake vilimwendea dada yangu mkubwa, Monicah. Ndivyo tulivyoishi mashambani. Namba ilirithiwa kama jembe, na hakuna aliyeuliza. Monicah akapata mtoto na dereva mmoja wa trekta aitwaye Kipkoech, ambaye aliomba uhamisho wiki ile ile aliyopata habari. Mtoto ndiye Chelimo.

Chelimo alipofikisha miezi mitatu, mama yake akashikwa na homa ya mapafu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimepata B katika mtihani, nina barua ya kuitwa chuo cha uuguzi, na sikuwa hata na kitambulisho.

Monicah alinishika mkono kitandani pale hospitalini. "Quinter, mtoto wangu asiitwe yatima."

Nikamwahidi. Alikata roho saa nne asubuhi, na mimi nimekaa hapo hapo na mtoto mapajani.

Wakati huo kampuni ilikuwa imeacha kuandika watu wapya, hata warithi. Monicah akifa, namba imekufa, na baada ya wiki mbili mama, mtoto mchanga na mimi tuko barabarani. Kwa hiyo karani wa hospitali alipouliza jina la marehemu, mama alinitazama. Nayakumbuka macho yale mpaka leo. Yalikuwa yakiniomba ruhusa, na hayakungoja jibu.

Akasema, "Andika Quinter."

Jumatatu nilifunga aproni ya plastiki ya dada yangu, nikabeba kikapu chake, nikaenda kupimisha majani kwa namba yake. Karani wa mizani, mzee Gordon Ooko, alitazama kadi, akanitazama mimi, akatazama kadi tena.

"Monicah, leo umekonda," akasema, akaandika kilo zangu.

Majirani wa laini nao walinyamaza, kwa maana kila nyumba ilikuwa na siri ya namba yake. Picha ya kitambulisho ilikuwa ya dada yangu, lakini tulifanana, na nani huchunguza sura ya mchumaji? Siku hizi hata alama za vidole haziwezi kunisema mimi ni nani. Chai imezifuta, na ile mashine ya vidole langoni pa chuo haijawahi kunitambua hata siku moja.

Tangu siku ile mama hakuniita Quinter tena. Si tukiwa wawili jikoni, si nikiwa na malaria. Alisema mdomo ukizoea majina mawili utateleza mbele ya watu.

Maiti ilipelekwa nyumbani upande wa ziwa, ikazikwa nje ya ua kwa sababu hakuwa ameolewa. Mimi sikwenda. Marehemu hahudhurii mazishi yake. Ndugu za baba walikuwa hawajatuona tangu tukiwa watoto, jeneza halikufunguliwa, na msalaba ukaandikwa jina langu. Nimeng'oa magugu kwenye kaburi hilo kila Desemba. Sijui ni wangapi kati yenu mmewahi kupalilia kaburi lenye jina lenu wenyewe, mkisaidiwa na watoto.

Kinachoniuma zaidi ni jambo hili. Kwetu aliyekufa hupewa mtoto wa kubeba jina lake. Binamu yetu Owiti alipopata binti alimwita Quinter, akamwomba mama baraka, mama akatoa huku akitazama chini. Monicah hana mtoto hata mmoja aliyeitwa kwa jina lake. Nani atampa mtoto jina la mtu ambaye wanamwona akichuma chai?

Na Chelimo ananiita mama. Ana miaka ishirini na moja, yuko Kabianga anasomea ualimu. Nikimwambia Madam kwamba mimi ni Quinter, nimemwambia Chelimo kwamba mama yake mzazi yuko chini ya ule msalaba, na kwamba kwa miaka yote hii ameng'oa magugu juu ya mama yake bila kujua. Nikinyamaza, mimi ni mwizi, na chuo kwaheri.

Jumatano mchana nilimkuta mama mlangoni akichambua mboga za managu. Mvua ya mawe ilikuwa imetoka kunyesha, na majani ya chai yote ya upande ule wa bonde yalikuwa yamechanika.

"Mama, Ijumaa njoo ofisini useme ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba mimi ni Quinter."

Mikono yake ikasimama. "Usitaje hiyo jina hapa kwa nyumba."

"Ni jina langu."

"Ni jina ya mtu amelala."

"Ni nani amelala, mama?"

Alianza kulia bila sauti, machozi yakidondokea mboga. Sikumpa kitambaa. Nawaambia ukweli, sikumpa.

"Nilizaa wasichana wawili," akasema. "Moja alikufa na mwili, moja alikufa na karatasi. Huyu wa karatasi nikasema si neno, anakula, anapumua, atanisamehe. Umenisamehe, nyathina?"

Akiniita nyathina, mtoto wangu, huwa nalainika. Siku hiyo nilijikaza kisabuni. Ukweli ni kwamba sijamsamehe kabisa. Baridi ya Julai, vidole vimekufa ganzi, nikimwona muuguzi wa zahanati ya shamba anapita na sare yake nyeupe, nilikuwa namchukia mama yangu mpaka wakati wa uji. Baada ya uji namhurumia. Kesho yake tena vivyo hivyo.

"Nimebakiza mihula miwili, mama. Nimeosha watu, nimeshika watoto wa watu wakizaliwa. Usiniue mara ya pili."

"Na Chelimo?"

"Chelimo ni mtu mzima."

"Chelimo ni mtoto ya marehemu. Uliahidi."

"Niliahidi."

Tukakaa. Jirani akapita akatusalimu, tukamjibu vizuri sote wawili kama watu wasio na neno.

"Nitakuja," mama akasema hatimaye, akarudi kwenye managu yake. "Nitasema maneno ya kukusaidia. Mambo ya ofisi mimi naijua. Niachie mimi."

Ningemuuliza hapo hapo ni maneno gani. Sikumuuliza. Nilifurahi mapema, kama ilivyo kawaida yangu.

Ijumaa nilitangulia chuoni. Mkabala na lango kuna kituo cha kupimia chai ya wakulima, na wanawake walikuwa wamepanga foleni na magunia yao wakingoja lori. Nilisimama pale nikimngoja mama, nikiwa na sare iliyopigwa pasi mara mbili.

Akatokea amevaa kitambaa chake cha kanisa. Hakuwa peke yake.

"Mum," Chelimo akasema akinikumbatia. "Dani amenipigia ati nikuje haraka, kuna mambo ya cheti. Uko sawa?"

Dani ndivyo anavyomwita bibi yake. Nilimtazama mama. Akapigapiga mfuko wa plastiki aliobeba, akatabasamu. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha Chelimo.

Nilitaka kumvuta kando. Madam Chepkosgei alikuwa tayari dirishani akituita kwa mkono.

Tulikaa watatu upande mmoja wa meza. Madam aliwasalimu wageni vizuri, akamwuliza mama habari za Boito na za mvua ya mawe. Kisha akaweka ile karatasi ya kifo katikati.

"Mama Jerusa, huyu Quinter ni nani?"

"Ni mtoto wangu. Alikufa."

"Na hiki cheti cha shule ni cha nani?"

"Ni ya Quinter," mama akasema kwa sauti ya kanisani. "Alipasi sana. Sasa huyu hapa ni Monicah, na huyu ni mtoto wake, angalia hata karatasi ya kuzaliwa iko. Mimi nakueleza, Madam, kwa sababu wewe ni mzazi. Mzee Joab alipokufa, namba yake ya kazi ilienda kwa Monicah. Hakuna mtu alisema ni wizi. Quinter alipokufa, cheti yake ikaenda kwa Monicah. Iko mali ya nyumba. Tumekubaliana sisi wote. Makosa iko wapi?"

Akageuka kunitazama. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuletea zawadi.

Wasomaji, mama yangu hakuniuza. Nataka mlielewe hilo. Aliyapanga maneno yale siku mbili nzima, akaamini ameniokoa mimi na Chelimo kwa pigo moja. Maisha yake yote ameona mkono wa aliye hai ukichukua kikapu cha aliyekufa, na kazi ikaendelea. Angejuaje kwamba chuoni mambo ni mengine?

Madam alivua miwani. "Mama, cheti hakirithiwi."

"Mbona namba..."

"Hakirithiwi, mama."

Chelimo alikuwa ameshaelewa. Nilimwona akielewa, kidogo kidogo, kuanzia machoni.

"Mum, kila nikileta C ulikuwa unanitajia hiyo B. Ulisema ulisoma na koroboi. Ilikuwa ya Anti Quinter?"

Nilishusha macho kwenye ile karatasi ya kifo.

"Si nakuuliza? Ulikuwa unanichapa na B ya mtu mwingine?"

"Chelimo, ngoja," Madam akasema. Akanigeukia. "Nitauliza mara moja tu, halafu nifunge hii faili. Umesikia vile mama yako amesema. Wewe ni Monicah, ama kuna kitu hujaniambia?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Nilihitaji maneno matatu tu. Mimi ni Quinter. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi asubuhi nikipiga pasi, mpaka yakanitoka bila kutetemeka.

Nikamtazama Chelimo. Lile paji la uso ni la dada yangu. Akikasirika hukunja pale pale Monicah alipokuwa akikunja. Nikahisi ule mkono wa hospitalini umenishika tena, wenye joto la homa.

"Mimi ni Monicah," nikasema.

Mama akashusha pumzi. Madam alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akatoa fomu ya kuacha masomo.

"Sitaita polisi," akasema taratibu. "Lakini sare urudishe. Na beji."

Niliandika Monicah Atieno kwa mwandiko ambao sasa nimeuzoea kuliko wangu. Nikabandua beji kifuani, nikaiweka juu ya cheti changu cha kifo. Niliondoka bila kumuaga Madam, naye alikuwa amenitendea wema kuliko wengi. Hilo nalo linaniuma.

Nje jua lilikuwa limetoka. Chelimo alitembea mbele yetu, akasimama njiani, akageuka.

"Desemba nitaenda kwa kaburi," akasema. Alikuwa analia. "Nitapiga magoti nimwombe Anti Quinter msamaha kwa ajili yako. Alikufa akiwa msichana mdogo, hakupata hata siku moja ya hiyo chuo. Na wewe ukamnyang'anya hata karatasi. Aki Mum, hata karatasi?"

"Chelimo," mama akajaribu.

"Dani, wacha. Nawe pia uliachia. Huyo mtu hana mtu wa kumtetea?"

Nikataka kucheka, nikataka kuanguka. Kwa miaka ishirini na moja hakuna binadamu aliyewahi kunilia. Sasa nimepata mmoja wa kunilia na kunitetea, na ananitetea dhidi yangu mwenyewe. Kila neno lake lilikuwa kweli. Hakupata hata siku moja. Alikuwa msichana mdogo.

Niliwapita wote wawili nikaelekea langoni. Machozi yalikuwa yamenijaa, sikuona foleni ya wanawake, sikuona kituo, sikuona barabara. Nilitaka tu kufika mahali pasipo na mtu anayenijua kwa jina lolote. Nilisikia honi nikadhani iko mbali. Nilisikia wanawake wa magunia wakipiga kelele nikadhani wanazozana na karani wao.

Lilikuwa lori la majani ya chai. Lilikuwa linarudi kinyumenyume kuingia kituoni, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake.

"Quinter!"

Ilikuwa sauti ya mama. Haikuwa ile ya kanisani wala ya ofisini. Ilikuwa sauti aliyokuwa akiniitia nikiwa mdogo nikikaribia mto.

"Quinter! Toka!"

Nikaruka. Kona ya lori ilinichania mkono wa sare na kupita. Na kabla sijafikiri, kabla sijakumbuka mimi ni nani, nikageuka kwa mama nikamjibu kama nilivyokuwa nikimjibu zamani.

"Nakuja, mama!"

Lori likasimama. Dereva akashuka akinitukana. Wanawake wakanizunguka wakinipapasa kama nimevunjika. Katikati ya mabega yao nilimwona mama ameziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka.

Kando yake Chelimo alikuwa ameacha kulia. Alimtazama bibi yake. Akanitazama mimi. Akamtazama tena bibi yake, kisha akaja polepole, wanawake wakampisha, mpaka akasimama karibu kiasi kwamba niliisikia pumzi yake.

"Dani ameita marehemu," akasema. "Mbona umeitika wewe?"